Kanuni ya ada za benki ilifutwa kwa kura 52. Nani anaweza kuirudisha?

Msomaji mmoja wa Houston, Texas, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Katikati ya 2025 nilijaza mafuta ya dola 12 kwa kadi, kumbe salio halikutosha. Benki ikalipa, halafu ikanikata dola 35. Wenzangu kazini wanasema kulikuwa na kanuni ya kuzuia ada hizi na Bunge limeifuta. Je, ni kweli nimekatwa kwa sababu hiyo? Na nijuavyo mimi, jambo lolote zito pale Seneti linataka kura 60, sasa hili lilipitaje kwa 52? Halafu rais mwingine akija, si atairudisha tu?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na la mfukoni.

Hapana, hukukatwa kwa sababu ya Bunge. Kanuni unayoisikia ilikamilishwa Desemba 2024, wiki chache kabla Joe Biden hajaondoka madarakani. Aliyeitunga ni CFPB, ofisi ya serikali kuu inayowalinda wateja wa benki na wakopaji. Ilizilenga benki zenye mali ya zaidi ya dola bilioni 10. Benki ya namna hiyo, mteja akipitiliza salio, ingekuwa na njia tatu: imtoze dola 5, au imtoze kiasi kinachofidia gharama na hasara yake tu bila faida, au iuhesabu ule upungufu kuwa mkopo na ifuate masharti yote ya mikopo, pamoja na kumweleza mteja riba yake waziwazi. Ila kanuni hiyo ilipangiwa kuanza Oktoba 1, 2025. Seneti ikaikataa Machi 27, 2025, Baraza la Wawakilishi likafuata Aprili 9, na Rais Donald Trump akatia saini Mei 9. Haikupata hata siku moja ya kufanya kazi. Dola 35 ulizokatwa ni za utaratibu wa siku zote. Kilichofutwa ni nafuu iliyokuwa njiani.

Swali lako la pili ndilo lenye mambo mengi, na nitalikalia.

Bunge la Marekani hutunga sheria mama, na ndani yake huipa wizara au wakala fulani mamlaka ya kutunga kanuni za utekelezaji. Kanuni ikishapita ina nguvu ya sheria, ukiivunja unaadhibiwa. Tangu 1946 kuna utaratibu wa kuzitunga: wakala anachapisha rasimu kwenye gazeti la serikali, wananchi na makampuni wanatoa maoni, wakala anayapitia na kuyajibu, ndipo inatoka kanuni kamili. Ni kazi ya miezi, mara nyingi ya miaka. Na ukitaka kuifuta kwa njia ya kawaida, unapita njia ileile kwa kurudi nyuma, tena ukiwa na sababu mkononi. Serikali ya Ronald Reagan ililijua hilo kwa uchungu. Ilifuta sharti la kuweka kwenye magari mapya mikanda inayojifunga yenyewe au mifuko ya hewa, na Juni 24, 1983 Mahakama Kuu ya nchi ikasema: hamkueleza vya kutosha kwa nini mmebadili mawazo, rudini mkafikirie upya. Kubadilika kwa serikali peke yake hakukutosha kuwa sababu.

Kwa kanuni yako, hakuna aliyetakiwa kutoa sababu. Bunge lilitumia njia ya mkato, sheria ya 1996 ambayo Wamarekani huiita kwa kifupi CRA. Chini ya sheria hiyo, kila wakala akimaliza kanuni lazima aipeleke kwenye mabaraza yote mawili ya Bunge na kwenye ofisi ya GAO, ambayo hulifanyia Bunge kazi inayofanana na ya CAG wa kwetu. Wabunge wasioitaka wanaleta azimio la kuikataa. Azimio lenyewe ni sentensi moja, na maneno yake yameshaandikwa ndani ya sheria. Unajaza jina la wakala na jina la kanuni, basi. Huwezi kusema tunaipenda nusu ya kwanza na tunaikataa ya pili. Inakwenda yote au inabaki yote.

Zile kura 60 unazozijua hazimo kwenye Katiba. Zinatokana na taratibu za Seneti yenyewe: maseneta wachache wanaweza kuzuia mjadala usifungwe, ile wanayoiita filibasta, na kuufunga kunataka kura 60 kati ya 100. Sheria ya 1996 iliuziba mwanya huo kwa maazimio ya namna hii. Kamati ikilikalia azimio zaidi ya siku 20, saini za maseneta 30 zinatosha kulitoa. Mjadala hauzidi saa 10. Marekebisho hayaruhusiwi. Wengi wa kawaida wanatosha. Siku ile ya Machi Warepublikan walikuwa 53. Mmoja, Josh Hawley wa Missouri, alijitenga na chama chake akapiga kura ya kuilinda kanuni. Ikawa 52 kwa 48. Maseneta wenu wote wawili wa Texas walikuwa upande wa kuifuta. Kwenye Baraza la Wawakilishi ilikuwa 217 kwa 211.

Lakini kwa nini azimio liende hadi kwa rais? Kanuni ni ya wakala, wakala amepewa mamlaka na Bunge, basi si Bunge limnyang'anye tu? Zamani ndivyo ilivyokuwa, na aliyebadilisha mambo ni mtu aliyezaliwa Kenya. Kisa hiki huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka.

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya kwa wazazi wenye asili ya India, na pasi yake ilikuwa ya Uingereza. Alikwenda Marekani 1966 kusoma Ohio. Visa ya masomo ikaisha 1972, naye akawa hana pa kurudi kwa urahisi: Kenya haikumtambua kuwa raia wake, na Uingereza haikuwa na haraka ya kumpokea. Mwaka 1974 jaji wa uhamiaji aliona kwamba kumfukuza kungemtesa mno, akasimamisha amri ya kumwondoa. Ila sheria ya wakati ule ililiruhusu baraza moja tu la Bunge kutengua uamuzi kama huo. Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilipitia majina 340, likachagua sita wasiostahili kubaki, Chadha akiwamo. Hakukuwa na mjadala wala kura ya majina. Mtu alipoteza haki ya kubaki kwa dakika chache za shughuli za mchana.

Chadha akapigana hadi Mahakama Kuu. Juni 23, 1983, siku moja kabla ya hukumu ile ya mikanda ya magari, majaji saba dhidi ya wawili walisema Bunge haliwezi kubadili haki za mtu kwa kura ya baraza moja. Likitaka kufanya kazi ya kutunga sheria, lipite njia ya kutunga sheria: mabaraza yote mawili, kisha rais. Jaji Byron White, aliyepinga hukumu hiyo, alionya kwamba karibu sheria 200 zilikuwa na vifungu vya namna ile, na vyote vimeanguka kwa pigo moja. Kijana wa kutoka Kenya ambaye hakutaka kufukuzwa aliliondolea Bunge la Marekani silaha liliyoitumia kwa miaka mingi. Sheria ya 1996, iliyoongozwa na Don Nickles wa Republikan na Harry Reid wa Demokrat na kutiwa saini na Bill Clinton, ndiyo jibu la Bunge kwa hukumu hiyo. Mabaraza mawili, saini ya rais, na uharaka ule wa Seneti.

Sasa utaona kwa nini sheria hii hulala miaka mingi halafu ikaamka ghafla. Rais gani atatia saini azimio la kuua kanuni ya wakala wake mwenyewe? Kura ya turufu ya kwanza ya Biden, Machi 2023, ilikuwa dhidi ya azimio la namna hii, lililotaka kufuta kanuni ya uwekezaji wa mifuko ya pensheni. Na kuishinda kura ya turufu kunataka theluthi mbili za kila baraza. Kwa hiyo sheria inakuwa na meno pale tu Ikulu inapobadilisha chama na chama kipya kikawa kimeshika mabaraza yote mawili. Kuna kifungu kilichotengenezwa mahsusi kwa wakati huo: kanuni zilizofikishwa Bungeni katika siku 60 za mwisho za kikao zinahesabiwa upya mbele ya Bunge jipya, kana kwamba zimechapishwa baada ya wao kuanza kazi. Na siku hizo ni siku za vikao, si za kalenda. Mwaka wa uchaguzi wabunge wanashinda majimboni, vikao vinakuwa haba, basi siku 60 zinarudi nyuma miezi mingi. Kwa uchaguzi wa 2024 dirisha lilirudi hadi Agosti. Kanuni ya benki, ya Desemba, ilikuwa katikati ya dirisha. Ingekamilika machipuko ya 2024, kuifuta kungetaka njia ile ndefu. Miezi michache tu ya kuchelewa iliiponza.

Tangu 1996 hadi 2016 sheria hii iliua kanuni moja tu. Kisha Trump na Bunge lake wakaua 16 kati ya 2017 na 2018, nyingi za wakati wa Barack Obama. Wademokrat wakaua tatu 2021. Mwaka 2025, kufikia mwishoni mwa Juni, zilikuwa zimeshakwenda nyingine 16.

Ile ya kwanza kabisa inakuhusu wewe kuliko hii ya benki. Nilipoona unahudumia wazee niliikumbuka papo hapo. Mwaka 1990 Waziri wa Kazi Elizabeth Dole, Mrepublikan, alitangaza kwamba serikali itatunga kanuni ya kuzuia majeraha ya misuli na viungo kazini: migongo inayokatika kwa kunyanyua, mikono inayokufa ganzi kwa kurudia kitendo kimoja mchana kutwa. Ikachukua miaka kumi ya utafiti, mivutano na maoni ya wananchi. OSHA, wakala wa usalama kazini, ikaikamilisha Novemba 2000, Clinton akiwa anafunga virago. Wauguzi wasaidizi wanaowageuza na kuwahamisha wagonjwa walikuwa miongoni mwa watu waliotajwa mno katika mjadala ule, kwa sababu migongo yao huumia sana. Waajiri walipinga, wakasema gharama haibebeki. Machi 2001 Seneti ikaikataa kwa kura 56 kwa 44, Baraza la Wawakilishi 223 kwa 206, na George W. Bush akatia saini Machi 20. Kazi ya miaka kumi ilikwisha katika mwezi mmoja.

Baada ya Bush alikuja Obama, miaka minane. Akaja Trump, akaja Biden. Mpaka leo OSHA haijatoa tena kanuni pana ya namna hiyo. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la tatu.

Sheria ya 1996 haiishii kwenye kufuta. Inasema kanuni iliyokataliwa haiwezi kutolewa tena katika sura "inayofanana nayo kwa kiasi kikubwa", wala nyingine mpya inayofanana nayo hivyo, mpaka Bunge litunge sheria mahsusi ya kuiruhusu. Kufanana kwa kiasi kikubwa ni kufanana kiasi gani? Sheria haikusema. Na kifungu kingine kinazuia mahakama kuchunguza yale yanayoamuliwa chini ya sheria hii, hivyo majaji hawajapata nafasi nzuri ya kutueleza. Kinachobaki ni woga. Wanasheria wa wakala wanajiuliza: tukitumia miaka mitano kutunga kanuni ya migongo, halafu mtu aseme hii ni ileile ya 2000, tutakuwa tumefanya kazi bure? Wengi wanaona heri waiache.

Mimi sina ugomvi na Bunge kufuta kanuni. Wabunge wamechaguliwa, watumishi wa wakala hawakuchaguliwa. Serikali inayotunga kanuni nzito wiki za mwisho, baada ya kushindwa uchaguzi, isishangae waliochaguliwa wakiipinga. Nisichokikubali ni kufuli. Kura 52 za mwaka mmoja hazistahili kumfunga mikono wakala kwa miaka ishirini na zaidi, kwa maneno ambayo hakuna anayejua mipaka yake, wakati kuifungua kufuli hiyo kunataka kura 60. Na kufuli hiyo inawekwa bila sentensi hata moja ya kueleza kanuni ilikosea wapi. Tungelijua kosa, wakala angelirekebisha akaja na kitu bora.

Hata hivyo kufuli si ukuta, na hapa kuna kisa kingine kinachofika hadi kwetu. Sheria ya fedha ya 2010 iliamuru SEC, wakala wa masoko ya mitaji, itunge kanuni ya kuyataka makampuni ya mafuta, gesi na madini yaliyosajiliwa kwenye masoko ya Marekani yatangaze malipo yanayotoa kwa serikali za nchi wanakochimba: kodi, mrabaha na kadhalika. Mtu wa Mtwara au wa Kolwezi angeweza kusoma kampuni inasema imeilipa serikali yake shilingi ngapi. Kanuni ya kwanza, ya 2012, ilitupwa na mahakama 2013. Ya pili, ya 2016, ilikataliwa na Bunge, na lilikuwa azimio la kwanza la namna hii ambalo Trump alitia saini, Februari 14, 2017. Lakini Bunge lilifuta kanuni, halikufuta ile amri ya sheria mama. SEC ikabaki na agizo la kutunga kitu, na katazo la kutunga kinachofanana na kilichofutwa. Desemba 2020 ikatoa kanuni ya tatu, legevu zaidi: badala ya kuonyesha malipo mkataba kwa mkataba, kampuni ikaruhusiwa kuyakusanya kwa eneo pana zaidi. Kwa mwananchi anayetaka kujua mgodi fulani umelipa nini, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kanuni ilirudi, kwa umbo jingine.

Na usidhani sheria hii ni ya chama kimoja. Ni kisu kikatacho kuwili. Mwaka 2020 serikali ya Trump ilitoa kanuni iliyoondoa mipaka ya gesi ya methani kwenye visima vya mafuta na gesi. Juni 2021 Wademokrat wakaitumia sheria hiihii kuifuta, Biden akasaini, na mipaka ya wakati wa Obama ikarudi kazini mara moja. Ukifuta kilichofuta, cha zamani kinafufuka.

Kilichonisumbua zaidi mwaka 2025 ni California. Kwa zaidi ya miaka hamsini jimbo hilo limekuwa na ruhusa maalumu ya kisheria kuomba viwango vyake vya moshi wa magari, vikali kuliko vya taifa. GAO ilisema vibali hivyo si kanuni na sheria ya 1996 haivigusi, na afisa anayeishauri Seneti kuhusu taratibu akakubaliana nayo. Maseneta wa chama tawala wakawapuuza wote wawili na kuvifuta, kwa kura 51 kwa 44 kwa kile kikubwa cha magari ya umeme. Trump alisaini Juni 12, na siku hiyohiyo California na majimbo mengine kumi wakaenda mahakamani. Njia ya mkato ikianza kupitisha vitu ambavyo haikutengenezewa, zile kura 60 za Seneti zinabaki kwa yule asiyejua kuzikwepa.

Basi rais ajaye hawezi kuichukua kanuni ya dola 5 na kuibandika upya. Bunge linaweza kutunga sheria ya kuweka kikomo cha ada hizi, lakini hiyo ni sheria ya kawaida na itakutana na kura 60. CFPB inaweza kujaribu kanuni yenye umbo tofauti kweli, kama SEC ilivyofanya, ikijua kwamba wenye benki watasema papo hapo kuwa inafanana na ile. Sidhani utaiona miaka ya karibuni.

Lakini kuna kanuni nyingine ambayo haikuguswa, na wateja wengi wa benki hawaijui. Tangu 2010, benki hairuhusiwi kukutoza ada ya kupitiliza salio kwa manunuzi ya mara moja ya kadi wala kwa kutoa pesa kwenye mashine, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali huduma hiyo. Mafuta yako ya dola 12 yamo humo. Yawezekana uliweka alama kwenye fomu siku ulipofungua akaunti, katikati ya makaratasi mengi, bila mtu kukueleza. Ridhaa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote. Nenda tawini au piga simu, waambie hutaki tena huduma ya kulipiwa kwa kadi salio lisipotosha, na udai uthibitisho wa maandishi. Kuanzia hapo kadi itakataliwa tu pale kituoni, bila ada. Hundi na malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi, kama bima au simu, hayamo kwenye ulinzi huo, kwa hiyo hayo yaachie salio la kutosha. Na wakikuambia hukuwahi kukubali huduma hiyo, waandikie warudishe dola 35 zako, na uwatajie kanuni ya 2010.